Mia Kamili Mara Saba

Jumatano, 6 Mei

Shemeji, shikamoo.

Mhandisi wa halmashauri ametangaza leo saa nne asubuhi kwamba kalavati la Mtaa wa Chini litajengwa upya kwa upana uleule wa zamani, na kwamba familia zote zinazolala shuleni tangu mafuriko ya tarehe 18 Aprili zitarudi kwenye viwanja vyao kufikia tarehe 1 Julai. Mama yumo. Nakuandikia kabla hujasikia kwa mwingine, kwa sababu gazeti alilolishika mkononi akitangaza ni letu, habari aliyoisoma ni yangu, na namba zilizomo ni zako.

Nilikaa safu ya pili. Alisoma kichwa cha habari taratibu, kama mtu anayesoma wosia unaompendelea: "Daftari la miaka thelathini na nne: mvua kubwa haijaongezeka." Kisha akasema, na haya nimeyanukuu neno kwa neno: "Kalavati la zamani lilisanifiwa kwa mvua ya milimita mia kwa siku. Kwa miaka kumi na saba iliyopita, daftari la mtambo wa maji halionyeshi hata siku moja iliyopita mia. Hatuna sababu ya kupanua."

Unakumbuka kwa nini niliandika habari ile. Wiki moja baada ya mafuriko, mhandisi huyuhuyu alisimama mahali palepale akasema ni mabadiliko ya tabianchi, hakuna wa kulaumiwa. Watu wanne walikuwa wamekufa, nyumba kumi na moja zimekwenda, na mtaro haukuwa umezibuliwa tangu mwaka juzi. Nikaja kwako kuazima daftari ili nimwonyeshe kwamba mvua ni ileile na uzembe ni wake. Sasa amekubali nusu. Mvua ni ileile. Uzembe kauacha mezani, na hakuna aliyeuokota.

Kauli zake zote mbili ninazo kwenye kijitabu kimoja. Zimeachana kurasa sita.

Jioni nilimpitia Mama. Analala darasa la nne, chini ya ubao wenye jedwali la kuzidisha la nane. Habari ya kurudi nyumbani kaipokea vizuri kuliko mimi. Kinachomuuma ni sufuria yake kubwa, ambayo wapishi wa shule wameikopa na hawana haraka ya kuirudisha. Akaanza tena: "Siku ile niliiacha tupu juu ya kichanja cha tangi la uani saa sita mchana. Maji yalipoingia saa kumi nikapanda pale juu, nikaikuta imejaa hadi kwenye misumari ya vishikio. Nikakaa nayo mapajani mpaka mlipokuja." Nimeisikia mara tano sasa. Nikamwambia, Mama, watu wamepoteza nyumba. Akanijibu: "Na mimi nimepoteza nyumba. Na sufuria juu yake."

Nataka jibu moja tu: mhandisi yuko sahihi?

Shemeji yako,
Gazeti


Jumatatu, 11 Mei

Gazeti, marahaba.

Barua yako imefika leo na gari la mtambo, ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Dereva anasema ulikuja nayo hivyo.

Simu huku ni hadithi ileile. Mtandao unapatikana juu ya tangi tu, na magoti yangu hayapandi tena tangi ili nipige kelele "haloo, haloo, unanisikia?" Kalamu haikatiki.

Unauliza kama mhandisi yuko sahihi. Mimi si mhandisi. Niliendesha pampu za mtambo huu miaka ishirini na tisa mpaka nikastaafu, na mvua nimeipima thelathini na nne. Wenzangu wa bondeni waliniita Milimita kabla hata sijamuoa dada yako. Kila siku saa tatu kamili asubuhi nafungua kipimo, natoa chupa, namimina maji kwenye bilauri yenye mistari, nasoma, naandika. Siku tuliyomzika dada yako nilisoma kwanza ndipo nikavaa. Ilikuwa sifuri, nikaandika sifuri. Kilichoandikwa ndicho kilichokuwa kwenye chupa. Zaidi ya hapo sina neno.

Mama mwambie aje akae huku kilimani. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Najua atakataa. Mara ya mwisho aliniambia hakulea mabinti wawili ili afe mgeni kwa mkwe.

Kuhusu gazeti lako: ile nakala uliyoniachia nimefutia vioo. Imefanya kazi nzuri, dirisha la jikoni linaonekana jipya.

Milimita


Ijumaa, 15 Mei

Shemeji,

Jana kulikuwa na mkutano wa wakazi kwenye uwanja wa shule. Nakuletea kama ulivyokuwa, maana wewe hupendi mikutano na mimi nalipwa kuipenda.

Mwalimu mstaafu alisimama wa kwanza: "Mwezi wa kwanza kulikuwa na baridi hadi nikatoa koti la marehemu baba. Hilo joto la dunia lilikuwa likizo?" Watu wakacheka. Kinyozi akafuata, na yeye kama unavyomjua hasemi akiwa amekaa: "Nyinyi watu wa tabianchi ni kama mganga. Mvua ikizidi, tabianchi. Ikikosa, tabianchi. Sasa mke wangu akininunia?" Mama muuza mkaa akamjibu kutoka nyuma: "Huyo ni wewe tu, wala usiisingizie mvua."

Vijana wawili wakadai kila kitu ni tabianchi, hata nyufa za ukuta wa shule, ambazo mimi nilizipiga picha miaka tisa iliyopita siku ukuta ulipojengwa. Kisha kinyozi akanigeukia: "Si gazeti lenyewe limesema mvua ni ileile? Au siku ile mliandika mkiwa na njaa?" Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Siogopi kuulizwa. Naogopa kuulizwa jambo ambalo nilipaswa kuliuliza mimi kwanza.

Basi leo nimefungua zile picha nilizopiga za kurasa za daftari lako, zote, na nimehesabu. Tangu miaka kumi na saba iliyopita kuna siku saba ulizoandika 100. Si 98, si 103. Mia kamili, mara saba, ya mwisho ikiwa ile ya mafuriko. Na pembeni ya kila mia kuna nukta ndogo ya penseli. Kwenye namba nyingine hakuna. Miaka kumi na saba ya mwanzo kuna siku moja tu iliyofika mia, nayo uliandika 112, bila nukta.

Katika jedwali lililochapwa na idara ya hali ya hewa, ambalo ndilo nililolitumia kuandika habari, nukta hazipo. Mchapaji hakuziona, au aliona uchafu.

Nukta ni za nini?

Pili, barua yako. Niliuliza kuhusu mvua. Wewe ukanijibu kuhusu chupa.

Gazeti


Jumatano, 20 Mei

Gazeti,

Nukta ni nukta. Mtu akikaa na penseli mkononi miaka thelathini na nne, ataacha nukta.

Ulikuja, ukapewa chai, ukapewa daftari, ukapiga picha, ukaandika ulichotaka. Sikukuita. Kama habari imekugeuka, hiyo ni kazi yako na ina hasara zake. Usinihoji kama diwani.

Leo asubuhi 4.2. Pepo za kusini. Kipimo kinahitaji rangi.

Milimita


Jumatatu, 25 Mei

Shemeji,

Sijakasirika. Nimechoka, na kwa umri huu hivyo viwili vinafanana.

Nimezungumza kwa simu na mtaalamu wa idara ya hali ya hewa, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyejibu swali moja mara elfu. Nilimuuliza kama mvua ya tarehe 18 ililetwa na mabadiliko ya tabianchi. Akasema: "Usiniulize hivyo. Mvua moja haina cheti cha kuzaliwa. Niulize mvua ya namna hiyo ilikuwa inakuja mara ngapi zamani, na sasa inakuja mara ngapi." Akanieleza kwamba hewa ikipata joto inabeba mvuke mwingi zaidi, na siku inapouachia, inauachia kwa pamoja. Kwa hiyo mwaka mzima unaweza kupata mvua ileile kwa jumla, hata pungufu, na bado siku zake chache zikawa mbaya kuliko zamani. Hata baridi ya mwezi wa kwanza, ya mwalimu na koti lake, haipingani na hilo. Ni siku chache kati ya elfu.

Nikamsomea namba zako. Akaniomba nizirudie. Kisha akasema: "Hakuna wingu linalojua kusimama kwenye mia. Hapo kuna kitu kimekatwa kichwa."

Nami nimeona kosa langu, kabla hata ya hizo nukta. Nilitafuta siku kubwa kuliko zote, nikaona 112 ni ya zamani, nikafunga daftari. Sikuhesabu mara. Moja zamani, saba sasa. Namba hizo zilikuwa mbele yangu na mimi nikaandika "haijaongezeka". Mwanafunzi wa darasa analolala Mama angeona.

Kwa hiyo nitasahihisha, upende usipende. Lakini sijui nisahihishe nini hadi uniambie. Mkataba wa kalavati unaandaliwa. Mama ameanza kufunga vitu. Ana mabunda matatu na ndoo, na ameshamwahidi jirani yake, mjane wa fundi cherehani, kwamba watasaidiana kupaka chokaa. Watarudi chini ya bomba la kalavati lililopimwa kwa daftari lako na kupitishwa kwa habari yangu. Ikinyesha tena kama ile, sitaki mimi na wewe tuwe tumeketi kwenye matanga tukitazamana.

Nakuuliza kama mwandishi, si kama shemeji. Kama shemeji ningekuuliza kwa upole.

Gazeti


Jumapili, 31 Mei

Shemeji,

Leo ni mwisho wa mwezi. Nimejaza kadi ya kupeleka idara, na kwa mara ya kwanza nimeandika sehemu ya maelezo. Nakala yake ni hii.

Kipimo chetu kina chupa ndani na kopo nje. Chupa inabeba milimita mia. Mvua ikizidi, maji yanafurika yanaingia kopo la nje. Asubuhi unapima ya chupa, unapima ya kopo, unajumlisha. Ndivyo nilivyopata ile 112 ya zamani: mia ya chupa, kumi na mbili za kopo.

Miaka kumi na saba iliyopita kopo la nje lilitoboka chini kwa kutu. Tundu linapitisha ncha ya kidole cha mwisho. Tangu hapo kila kinachozidi mia kinaingia ardhini. Niliandikia idara mara tatu kuomba kopo jipya. Mara mbili hawakujibu. Mara ya tatu walijibu kwamba vituo vyenye vifaa vibovu vitafungwa. Nikaacha kuandika. Niliziba kwa lami, ikashika mvua mbili. Nikaziba kwa sabuni, hilo usimwambie mtu.

Kanuni niliyofundishwa siku ya kwanza ni moja: andika ulichopima, usikisie. Asubuhi zile saba nilikuta chupa imejaa hadi mdomoni na kopo limekauka. Nilichopima ni mia. Nikaandika mia. Nikaweka nukta ili mimi mwenyewe nijue. Nilijiambia mtu mwenye akili ataiona ataniuliza. Ulipoiona ukaniuliza, nikakujibu vile.

Utasema, kwa nini niliendelea kukaa kimya hata baada ya dada yako kufariki, nikiwa sina tena wa kumtunza? Nitakuambia, kwa sababu umeuliza kama mwandishi. Nilipostaafu, mtambo uliniachia nyumba hii kwa barua ya idara, kwamba mpimaji anahitajika karibu na kipimo. Kituo kikifungwa, mpimaji hahitajiki. Hilo la kwanza. La pili ni saa tatu. Tangu alipoondoka, ile saa tatu ndiyo inayonitoa kitandani. Sina nyingine.

Habari yako ya tarehe 2 Mei niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Niliisoma mara mbili. Siku uliponirudishia daftari uliniuliza, "Shemeji, kuna kitu ambacho sikijui?" Nami nikakuuliza kama utakunywa chai. Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Tundu ni kutu tu, chuma hutoboka. Chai ile nilikumiminia mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe 19, baada ya mafuriko, ardhi chini ya kopo ilikuwa imechimbika shimo la kina cha kiganja. Nilisimama nikalitazama. Kisha nikaandika mia.

Fanya unavyoona.

Milimita


Alhamisi, 4 Juni

Shemeji,

Sahihisho limetoka jana. Ukurasa wa kumi na saba, chini ya matangazo ya viwanja, mistari tisa. Niliomba ukurasa wa kwanza, mahali ilipokaa habari yenyewe. Mhariri wangu akaniambia, "Kosa lina wasomaji, sahihisho husomwa na ndugu tu." Nimelisema jina langu kwanza, kisha jedwali la idara, kisha tundu. Wewe nimekuita "mpimaji", na nimeandika kwamba uliomba kopo mara tatu. Hilo ni kweli, kwa hiyo halihesabiki kuwa fadhila.

Kinyozi kalibandika kwenye kioo chake. Jana wateja walibishana mpaka mmoja akaondoka amenyolewa upande. Mwalimu mstaafu anasema sasa haamini namba yoyote. Wale vijana wanasema walijua tangu mwanzo, ingawa walichojua ni nyufa. Kila mtu kachukua kipande alichokuwa nacho tayari.

Mhandisi ndiye aliyenichosha. Nilimkuta mlangoni kwake, akasema: "Kwa hiyo kipimo ni kibovu. Kipimo kibovu si ushahidi. Tunabaki na mchoro wa zamani." Nimeandika kwenye kijitabu, sasa kauli ni tatu. Mwezi wa nne lilikuwa kosa la tabianchi, mwezi wa tano hakuna tabianchi, mwezi wa sita hakuna kipimo. Upana wa bomba haujabadilika hata nusu mita.

Mtaalamu haafikiani naye. Anasema daftari halijafa: "Hatujui siku zile saba zilipita mia kwa kiasi gani, lakini tunajua zilifika. Moja kwa miaka kumi na saba, kisha saba kwa kumi na saba. Kituo kimoja peke yake hakithibitishi dunia, ila kinakubaliana na vituo vingine ninavyovisoma." Yuko tayari kuja kusema hivyo. Lakini anataka aliyeweka nukta aje aseme maana yake mbele ya kamati. Nukta hazina mdomo.

Na sasa sufuria. Nilimsimulia mtaalamu habari za Mama kwa utani tu, mwisho wa maongezi. Akaniuliza: "Kuta zake zimenyooka au zimelala?" Zimenyooka. "Kichanja cha tangi kina paa?" Hakina, wala mti karibu. "Aliiacha tupu?" Nikamwambia hilo nimelisikia mara tano. Akasema kapime. Nikaenda jikoni kwa wapishi wa shule, nikawakuta wameipikia uji, nikangoja iishe. Nikapima kwa rula ya darasa la nne: kutoka chini hadi kwenye misumari ya vishikio ni sentimita kumi na saba na milimita nne. Mia moja sabini na nne, shemeji. Kalavati lilisanifiwa kwa mia. Mtaalamu anasema si kipimo rasmi, ila si uongo.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema: "Miezi miwili nasema, mnaniona mzee anayelilia chombo."

Kamati ya ujenzi inakaa Jumanne tarehe 16 Juni, kikao cha mwisho kabla ya mkataba kutiwa saini. Wakazi wamepewa nusu saa ya kwanza. Kinaanza saa tatu kamili.

Najua unachofanya saa tatu kamili. Sitakuomba.

Gazeti


Alhamisi, 11 Juni

Gazeti, shemeji yangu,

Idara imejibu kadi yangu ya Mei, tena haraka kuliko walivyojibu kuhusu kopo. Kituo kimesimamishwa kuanzia tarehe 30 Juni hadi ukaguzi. Tarehe ya ukaguzi haikuandikwa. Meneja wa mtambo alipita jana, akasifu maua, akauliza kwa adabu kama nina ndugu mjini. Nikamwambia ninaye mmoja, ana mdomo. Akasema tutazungumza.

Sikuandikii hilo ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu lingekufikia kwa dereva, na dereva huongeza chumvi.

Jumatatu nilishuka shuleni. Nilimkuta Mama amekaa juu ya bunda lake kama abiria. Nilimweleza mwenyewe habari za tundu, kuanzia mwanzo, na jinsi nilivyokaa kimya. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Binti yangu aliniambia una ukaidi. Hakuniambia una woga." Baadaye akaniuliza kama huku kilimani kuna jiko la mkaa. Amekuja kwa wiki moja tu, amesema mara nne. Mjane wa fundi cherehani anamlindia nafasi darasani. Sufuria imekuja naye, hawezi kuwaachia wale wapishi tena.

Nyumba yake ya miaka arobaini bado anaitaka. Anasema kilicho mahali pabaya ni bomba, yeye na nyumba yake wako pao. Nimelifikiria hilo na sijaona kosa lake.

Sasa sikiliza utaratibu.

Jumanne nakuja na kipimo chenyewe. Nitaking'oa alfajiri: chupa, kopo, na faneli. Kamati haitaelewa nukta, haitaelewa mvuke, na mtaalamu wako akianza na moja kwa kumi na saba watatazama saa zao. Tundu wataliona. Mdomo wa kipimo changu, ikinyesha milimita mia moja sabini na nne, unapokea lita mbili na robo hivi. Wewe lete maji hayo kwenye chupa zilizopimwa, na usiwape nafasi ya kusema tumezidisha. Nitayamimina taratibu mbele yao. Lita moja na robo itabaki kwenye chupa, na hiyo ndiyo mia yangu. Karibu lita moja iliyobaki itakuwa kwenye zulia lao. Kisha nitawauliza kama na lile zulia ni kipimo kibovu.

Hilo la mwisho pengine sitalisema. Tutaona.

Kwa hiyo saa tatu hakutakuwa na kipimo kilimani. Nilitaka kumwachia dereva asome, nikakumbuka hakuna cha kusoma. Nimefungua daftari leo, siku tano kabla, nikaandika mapema kwa wino ili nisije nikabadili nia: "Jumanne, 16 Juni. Haikupimwa. Mpimaji yuko kikaoni pamoja na kipimo." Ni mstari wa kwanza usio na namba tangu nilipokabidhiwa. Nilichoka tu, kama mtu aliyeshusha gunia.

Mama alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akauliza, "Na ikinyesha siku hiyo?" Nikamwambia haitahesabika. Akaenda jikoni akarudi na sufuria, akaiweka juu ya nguzo iliyo kando ya kipimo, akaona inayumba, akaihamishia kwenye jiwe tambarare, mbali na paa. Ameniomba rula. Anasema atasoma saa tatu kamili na ataandika kwenye karatasi yake, si kwenye daftari langu, maana daftari langu halijamzoea.

Gari la mtambo linaondoka Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa mlangoni kwa halmashauri saa mbili na nusu, nikiwa na kopo mkononi. Kikao ni saa tatu.

Milimita